Mbwa Wangu Hajawahi Kuuma: Je, Ni Kosa Kumwacha Huru Ufukweni?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Malindi, upande wa Silversand, na nina mbwa dume wa miaka miwili, mchanganyiko, kilo kama 25. Jina lake Bosi. Kila asubuhi namfungulia geti tunashuka ufukweni akimbie, na hajawahi kumuuma mtu. Jumamosi iliyopita watoto walikuwa wanapita kwenda madrasa, akawakimbilia. Mmoja akaanguka, Bosi akamshika kanzu ikachanika, na jino likamkwaruza mguuni. Damu haikutoka nyingi. Baba yake amekuja mkali, anataka mbwa auawe. Jirani naye ananiambia nimfunge mnyororo mchana na usiku. Mimi naona alikuwa anacheza tu. Chanjo alipata alipokuwa mdogo. Je, ni kosa mbwa kuwa huru ufukweni? Na ni lazima nimfunge?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari ya kamba, lakini lisiloweza kungoja ni ule mkwaruzo. Umesema damu haikutoka nyingi. Basi ilitoka. Na umesema chanjo Bosi aliipata alipokuwa mdogo, naye sasa ana miaka miwili. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupigwa mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu, hurudiwa mwaka unaofuata, kisha kila mwaka. Kwa hesabu hiyo kinga ya Bosi si ya kutegemewa, na jino lake limepasua ngozi ya mtoto wa watu.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Vikiingia jerahani hupanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, safari ambayo kwa binadamu mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Katika muda huo wote mtoto anakula, analala, anacheza mpira, hana dalili yoyote. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na takriban wote wameupata kwa mbwa. Mkwaruzo mdogo wa jino unatosha.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa yule baba. Usiende kutetea mbwa. Nenda na mzee wa mtaa anayeheshimika pande zote mbili, salimia, omba radhi, kisha uliza: mtoto ameshapelekwa hospitali? Kama bado, nauli na gharama ni juu yako, na mwende leo hii. Kama jeraha lilipanguswa tu kwa kitambaa, lioshwe hata sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukitazama saa, kisha lipakwe ayodini au spiriti. Sabuni inaviua virusi, ndiyo maana hatua hii haifai kudharauliwa. Pilipili, mafuta ya taa, majani yaliyotwangwa, kisu kilichochomwa motoni, vyote hivyo vinaumiza nyama na haviui virusi.

Hospitali watampa sindano za chanjo. Ratiba iliyozoeleka kwetu ni siku ya kwanza, ambayo huandikwa 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kwa kuwa ngozi ilipasuka, waulizeni pia kuhusu imunoglobulini, sindano ya kinga iliyo tayari inayodungwa penye jeraha lenyewe ili kumlinda mtoto mpaka mwili wake utengeneze kinga yake. Waulize na pepopunda. Kosa ninaloliogopa zaidi ni familia kuacha baada ya sindano ya pili kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Ndivyo anavyotakiwa aonekane.

Sasa Bosi. Mbwa aliyemuuma mtu hatazamwi siku moja. Hutazamwa siku 10. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate hafiki siku 10 bila kuugua au kufa, basi akimaliza siku hizo akiwa mzima tunajua kwamba siku ile alipomkwaruza mtoto mate yake yalikuwa salama. Hapo daktari wa mtoto ndiye ataamua kama sindano zilizobaki zikatizwe. Hesabu yako imeanza Jumamosi, kwa hiyo siku ya kumi ni Jumanne ya wiki ile inayofuata. Katika muda huo akae ndani ya ua uliofungwa, asitoke hata kwa kamba, alishwe na mtu mmoja. Mjulishe daktari wa mifugo wa serikali ya kaunti ili atazame naye. Usiamue peke yako nyumbani kwamba mbwa ni mzima.

Na hapa wengi hukosea: wanakimbilia kumchanja mbwa kesho yake ili wamwonyeshe aliyeumwa cheti. Usifanye hivyo ndani ya siku 10. Mbwa anaweza kupata homa au uchovu kwa sababu ya chanjo, tukashindwa kujua kama ni chanjo au ni ugonjwa. Cheti cha kesho hakisemi lolote kuhusu mate ya Jumamosi.

Ukiona amebadilika, ama aliyekuwa mchangamfu anajificha mvunguni, ama sauti imekuwa ya kukwaruza, ama mate yanamchuruzika na taya la chini limelegea, usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliomkwama. Watu wazima na akili zao wameambukizwa hivyo. Mfungie, mpigie daktari wa mifugo. Na akifa, asizikwe wala kutupwa kabla daktari hajajua, kwa kuwa kichwa chake ndicho kinachopimwa. Baba yule anayetaka mbwa auawe leo, mweleze hili kwa upole: mbwa aliyeuawa na kufukiwa hawezi kutuambia kitu, na mwanawe ndiye anayehitaji jibu.

Baada ya hayo, tuje kwenye swali lako.

Ndiyo, ni kosa. Kwanza kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama pamoja na kutoa leseni za mbwa, kwa hiyo ofisi ya kaunti ya Kilifi ndiyo ya kuendea kuhusu leseni. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, inamtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake. Kuna pia madai ya fidia. Kabla ya Jumamosi ungeweza kusimama ukasema hukujua kama Bosi hukimbilia watu. Sasa unajua, baba wa mtoto anajua, mtaa mzima unajua. Mara ya pili neno hilo halitakufaa.

Lakini sheria ni sehemu ndogo. "Hajawahi kuuma" ni habari unayoijua wewe peke yako. Mtoto wa miaka minane anayeona kilo 25 zinakuja mbio mchangani haijui. Hana namna ya kutofautisha mbwa anayecheza na mbwa anayewinda, na wakati mwingine hata mbwa mwenyewe hana: mchezo wa kukimbizana na uwindaji vinaanza kwa mwendo uleule. Angalia kilichotokea. Watoto walikuwa kundi, wanatembea haraka, kanzu na mitandio inapepea kwa upepo wa baharini. Mmoja akapiga kelele, akakimbia. Kitu kinachokimbia na kupepea kinaamsha katika mbwa tamaa ya kufukuza, na akikifikia anashika kile kinachopepea, yaani pindo la kanzu. Chini ya pindo kuna mguu. Ninakubali kabisa kwamba Bosi hakuwa na ubaya. Jino halijui nia.

Kisha kuna jambo ambalo kwa pwani yetu halihitaji maelezo marefu. Waislamu wengi wa Malindi ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi inayotakiwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee anayerudi msikitini alfajiri, mbwa aliyelowa akimsogelea na kujikung'uta, hakurushiwa maji tu. Amelazimika kurudi nyumbani kuosha na kubadili nguo. Usimhesabu kuwa anachukia wanyama. Dini hiyohiyo inamruhusu kufuga mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, na inafundisha kwamba kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna thawabu. Anachokuomba ni nafasi ya kupita.

Hata hivyo jirani anayekushauri mnyororo mchana na usiku naye amekosea, na ukimfuata utatengeneza mbwa wa hatari kweli. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja anaona kila kinachopita na hawezi kukifikia wala kukikimbia. Kila siku anabweka, anajirusha, anavutwa shingo, na akilini mwake anaunganisha maumivu ya shingo na watu wanaopita. Siku mnyororo ukikatika, hacheki na mtu. Kwa hewa yetu ya joto na chumvi, shingo iliyofungwa mnyororo pia hutoka vidonda chini ya manyoya, nzi wakataga humo, na mwenye mbwa anakuja kujua harufu ikishaanza. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfunga mnyama kwa mnyororo mfupi au mzito kupita kiasi. Dawa ni ua uliofungwa vizuri nyumbani, na kamba mkononi mwako nje ya geti. Ukuta au senyenge ya mita moja na nusu hadi mbili inamtosha mbwa wa ukubwa wa Bosi. Tazama chini ya geti kuliko juu yake, kwa kuwa mchanga wetu unachimbika kwa dakika chache. Mimina ukanda wa saruji au panga mawe ya matumbawe chini ya geti, upana wa nusu mita.

Kamba yenyewe. Ya kutembelea mjini iwe na urefu wa mita moja na nusu mpaka mbili, bapa, upana wa sentimita mbili na nusu, laini mkononi. Zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio cha plastiki sizipendi kabisa kwa mbwa wa kilo 25: uzi wake unakata ngozi, na mbwa anakuwa mbali mita tano kabla hujabonyeza breki. Kamba ya katani inachubua. Ya nailoni nyembamba inakata viganja mbwa akivuta ghafla. Ukikosa ya dukani, nenda wanakouza zana za uvuvi ununue manila ya milimita 10 au 12, ukunje kitanzi cha mkono na kukisokota kama wavuvi wanavyofanya.

Sehemu inayoponza watu ni kulabu. Ishike mkononi uitazame karibu. Ina ulimi mdogo unaosukumwa na springi, na chini ina pete inayozunguka. Zile za bei rahisi ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Kwa chumvi ya Malindi, baada ya miezi miwili springi inashika kutu, ulimi haurudi mpaka mwisho, unabaki mwanya mdogo usiouona ukiwa umesimama. Mbwa akigeuka ghafla pete inapita kwenye ule mwanya, na wewe umebaki na kamba isiyo na mbwa. Nunua ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, isuuze kwa maji baridi kila mkirudi kutoka baharini, na kila wiki bonyeza ulimi mara kumi. Ukikwama hata mara moja, itupe.

Kola iruhusu vidole viwili tu kupita kati yake na shingo. Mbwa wetu wa mchanganyiko wengi wana kichwa chembamba kuliko shingo, akirudi kinyumenyume kola inavuka masikio na anatoka. Kwa Bosi ningechagua mkanda wa kifuani, ule unaopita mbele ya kifua na nyuma ya miguu ya mbele, ukiwa na pete mbele kifuani. Akivuta, unamgeuza pembeni badala ya kumwongezea nguvu. Kolani weka kibati chenye namba yako ya simu. Kitanzi cha kamba kipite mkononi hadi kifundoni, kisha kunja ngumi juu ya kamba. Usiizungushe viganjani mara mbili tatu, maana vidole huvunjika.

Mtakapoanza kutoka tena, kwa miezi michache mzoeze pia kikapu cha mdomo: kile chenye matundu, kinachomwezesha kuachama, kuhema na kunywa maji. Kifungio cha kitambaa kinachobana taya sikitaki ufukweni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema ulimi nje. Ukimfunga mdomo kwa joto la Februari unaweza kumpoteza kabla hamjafika nyumbani. Kikapu kipakae siagi ya karanga ndani, mwache aingize pua mwenyewe, dakika moja kwa siku, ukiongeza taratibu. Ukimsukumia usoni siku ya kwanza, ataking'oa kwa kucha kila siku.

Huenda unajiuliza kama hatakimbia tena. Atakimbia, lakini kwa kamba ndefu na baada ya kujifunza kuitika. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, nawe una bahati kwamba siku hizi 10 za kukaa uani zinatosha kuianza.

Chagua neno moja. Lisiwe "njoo". Kwetu "njoo" inapigwa kutwa nzima: mama anaita watoto, wavuvi wanaitana, wewe mwenyewe umeshamwambia Bosi "njoo" mara elfu bila kitu kufuata. Neno hilo limekwisha makali. Tumia "hapa!" au filimbi, ambayo ina faida kwamba haibebi hasira na inasikika upepo wa kusi ukivuma. Chemsha robo kilo ya maini bila chumvi wala kitunguu, kata vipande vya ukubwa wa mbaazi, weka kwenye friji. Hayo ni malipo ya neno hilo na si ya kitu kingine.

Wiki ya kwanza ni nyumbani. Simama hatua mbili kutoka kwake, taja neno mara moja, na hapohapo toa ini. Hajafanya lolote bado, haidhuru. Unalipa neno thamani. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, dakika tano tano. Siku ya tatu au ya nne utaona jambo dogo: neno likitoka, kichwa kinageuka kabla ya mwili, masikio yamesimama. Ukishaona kichwa kile, ongeza umbali mpaka ncha nyingine ya ua. Wiki ya pili weka vishawishi: mtu anapita nje ya geti, kuku wa jirani, mtoto anadundisha mpira upande wa pili wa ukuta. Akishindwa mara mbili mfululizo, usipaze sauti wala kurudia neno. Sogea karibu, rahisisha, afaulu, kisha pumzika. Neno linalorudiwa mara tano linamfundisha kwamba mara nne za kwanza hazina maana.

Wiki ya tatu, siku 10 zikiwa zimepita salama, anza nje kwa kamba ndefu: mita 10 za manila nyembamba ya milimita 8, isiyo na kitanzi mwishoni ili isinase kwenye mawe ya ufukweni, imefungwa kwenye mkanda wa kifuani na kamwe si kwenye kola. Mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa mita 10 kwa mbio, nguvu yote inaishia shingoni. Vaa glavu. Tumia uwanja mtupu kwanza, kisha ufukwe maji yakiwa yametoka na mchanga ni mpana. Weka hesabu: ukimwita mara kumi aje mara tisa, ndipo uongeze ugumu. Mara nyingi mwite, mpe ini, halafu mwambie aende tena. Ukimwita tu wakati wa kwenda nyumbani au kuogeshwa, baada ya wiki mbili atajifunza kwamba neno lako ndilo mwisho wa raha, na atasimama mita tano akikutazama. Na hata akichelewa akaja baada ya dakika kumi ukiwa umekasirika, mpokee kwa wema. Ukimpiga alipofika, umempiga kwa kuja.

Wako mbwa wanaofikia kuitika hata mbele ya mbuzi, wavu wa samaki na mbwa koko wengine. Hata hao, rai yangu kwa Malindi ni kwamba kwenye ufukwe wa umma kamba haitoki maadamu kuna mtu yeyote machoni pako. Ua wa rafiki au shamba lenye senyenge ndipo pa kumwacha huru.

Panga na saa. Maji ya bahari husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo usifuate saa ya ukutani tu, angalia yakitoka. Asubuhi mapema, jua likichomoza, waliotoka msikitini wameshafika makwao na watoto wa madrasa bado. Jumamosi na Jumapili asubuhi, na jioni baada ya alasiri, njia za watoto ziepuke. Mkikutana na mtu, mweke Bosi upande wako wa mbali, fupisha kamba ibaki mita moja, jitoe njiani hatua tatu umkalishe, mtu apite kwanza. Salimia. Vichochoroni fanya hivyo kila kona, kwa sababu humwoni anayekuja. Mchanga wa mchana uupime kwa mgongo wa mkono: ukishindwa kuuweka kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua.

Haja yake uiokote. Si kwa ajili ya usafi wa macho tu. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa huanguliwa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi ya mtu anayetembea pekupeku, vikichora mistari myekundu inayowasha wiki nzima na zaidi. Mpe Bosi dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa uzito wake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi zikiwemo fukwe zake, kwa hiyo chukua gazeti na mfuko wa kaki, au koleo dogo la watoto na kopo lenye kifuniko. Kufukia mchangani hakusaidii. Huko ndiko minyoo inakopenda.

Ukielekea kusini utafika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Huko usimpeleke. Kasa hutaga mayai mia moja na zaidi kwenye shimo moja juu ya mstari wa maji makuu, yakakaa kama miezi miwili, na pua ya mbwa inayapata usiku mmoja. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Mbwa akichimbua kiota, mwenye mbwa ndiye anayeulizwa. Vivyo hivyo mdomo wa mto Sabaki, ambako ndege wa kuhama hutua kupumzika na kula. Kila wakirushwa na mbwa wanapoteza nguvu walizozijia.

Ufukwe una hatari kwa Bosi mwenyewe pia, na kamba inamlinda nazo. Samaki aina ya bunju waliotupwa na wavuvi hukauka mchangani, mbwa anawapenda, na sumu yao haina dawa ya kuitangua: ndani ya saa moja miguu inalegea, kisha pumzi. Ukimwona ametafuna bunju, usingoje dalili, mkimbize kwa daktari. Ndoana yenye chambo ikimnasa mdomoni, usiivute nyuma. Kata mshipi uache kipande kirefu, umpeleke akiwa hivyo. Maji ya kunywa mchukulie kutoka nyumbani, nusu lita inatosha kwa saa moja, kwani akinywa ya bahari atatapika na kuhara.

Yupo mwingine wa kufundishwa, naye ni mtoto. Mwalimu wa madrasa akikubali, waelezwe watoto kwa dakika kumi tu: mbwa akija, simama kama nguzo, mikono kifuani, macho chini, kimya. Ukianguka, jikunje kama jongoo, mikono ikifunika shingo na masikio. Usiliombe hili kabla hujaomba radhi, lisije kuonekana kwamba unawalaumu.

Jumanne hiyo ikifika, Bosi akiwa anakula na daktari wa mifugo amemtazama, mchanjwe siku hiyohiyo. Muulize pia daktari kuhusu kumhasi. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura kufuata majike na kugombana barabarani, ingawa kufukuza watoto hakutaisha kwa kisu, kutaisha kwa mazoezi. Hakikisha kadi ina tarehe, namba ya chupa ya chanjo na muhuri. Piga nakala mbili. Moja ibandike ndani ya geti karibu na kamba inapotundikwa, na nyingine umpelekee baba wa yule mtoto, pamoja na kanzu mpya.